Kwaya ya Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi anapofika shule yoyote ya mwambao huu wa Sengerema, kwaya ndiyo humpokea. Watoto wamepangwa kwa vimo, jina la mheshimiwa limeshachomekwa kwenye ubeti, kwaya ikimaliza inakuja ngonjera, ngonjera ikimaliza inakuja ngoma. Halafu risala. Risala huomba madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu, umeme, kisima. Sijawahi kusikia risala iliyoomba mwalimu wa muziki. Sanaa inatumwa kuombea kila kitu, na yenyewe haina wa kuiombea.

Mjadala ufuatao nimeupanga kwa sauti tano. Hakuna iliyo ya mtu fulani. Ni misimamo ambayo ukikaa gatini Kamanga kusubiri kivuko cha kwenda Mwanza mjini utaisikia ikipishana kwenye mabenchi. Yupo Mwalimu, mstaafu aliyesomea muziki Chuo cha Ualimu Butimba. Yupo Mama, anayeanika na kuuza dagaa. Yupo Diwani. Yupo Ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Kisukuma. Na yupo Kijana, mwenye studio ya chumba kimoja. Nimejitahidi kumpa kila mmoja hoja yake kwa uzito wote, na nilipoona mmoja amekosea nimesema.

MAMA: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mama. Habari za mwaloni?

MAMA: Nzuri, giza la mwezi limeingia, dagaa wanapatikana. Mwalimu, nasikia mnataka kwenda kumwona mbunge kuhusu ngoma za shuleni. Nakuheshimu, umenifundishia wanangu, kwa hiyo sitakuficha. Wa mwisho yuko darasa la tatu. Siku ya bahati wanakaa wanne dawati moja, siku nyingine anakaa chini. Kipindi hiki cha giza nakesha, asubuhi nina dagaa wa kuanika kabla jua halijakuwa kali, na mikono haitoshi. Najizuia nisimtoe shule. Najizuia kwa sababu nataka ajue hesabu, asije akapunjwa kwenye ndoo kama ninavyopunjwa mimi. Sasa mbunge akipata nafasi ya kusimama mara moja, asimame kwa ajili ya zeze?

MWALIMU: Hoja yako haina kosa, mama, ila inadhani tunaomba somo jipya. Hatuombi somo jipya. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa watoto wa umri wa mwanao. Serikali imeshakubali kwamba mtoto afundishwe. Vipindi vimo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani pale ofisini. Swali ni nani anasimama mbele ya darasa kengele ya kipindi hicho ikilia. Mara nyingi hakuna. Kipindi kinageuka kuwa cha hesabu za ziada, au watoto wanatolewa wakafagie uwanja. Mwanao ameahidiwa kitu, hapewi. Ungekuwa mzani wa dagaa ungesema umepunjwa.

MAMA: Ningesema.

DIWANI: Naomba niwakumbushe hali ilivyo, maana mimi ndiye ninayekaa kwenye vikao. Walimu hawatoshi wa masomo yote. Mkurugenzi akipewa walimu wapya, mwalimu mkuu wa kila shule anampigia simu: nipe wa hisabati, nipe wa sayansi. Sijawahi kuona ombi la mwalimu wa sanaa kwenye ikama. Na fedha ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, 25,000 kwa wa sekondari. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango. Ngoma moja ya ngozi ya ng'ombe unajua bei yake. Kwa hiyo mnaposema tumshawishi mbunge, mimi nauliza: mnamshawishi afanye nini hasa?

Swali la Diwani ndilo kiini cha jambo lote, na nitalirudia. Lakini kwanza Mwalimu ana historia ya kutueleza, kwa sababu wengi wanaozungumzia sanaa shuleni hudhani ni anasa iliyoletwa juzi na wafadhili.

MWALIMU: Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika waziwazi kwamba shule za mkoloni zilitufundisha nyimbo za Wazungu, na msomi wa Tanganyika alikuwa hajui hata ngoma ya kwao. Hilo lilisemwa bungeni, mbele ya wabunge, nchi ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Baada ya Azimio la Arusha washairi wakaitwa kulieneza, ngonjera zikajaa shuleni. Butimba hapa, ng'ambo ya ghuba, ikafundisha walimu wa muziki, wa uchoraji na wa sanaa za maonyesho. Bagamoyo ikapata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, leo ni TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake. Tuna paa, mheshimiwa. Kuta za chini ndizo hazipo. Kijana anafika chuo kikuu kusomea muziki, na nota alizozijua amezipata kanisani.

DIWANI: Basi makanisa yanafanya kazi hiyo. Kwaya za AIC, za Wakatoliki, mtoto anajifunza do-re-mi bure.

MWALIMU: Anajifunza, na nayashukuru. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kwaya. Lakini mtoto wa Kiislamu wa Kamanga ajifunzie wapi? Na ambaye wazazi wake hawasali kokote? Kitu kilichoandikwa kwenye mtaala wa taifa hakiwezi kuachiwa mlango wa kanisa.

Hapa nasimama upande wa Mwalimu bila kusita. Kwaya za kanda hii, Makongoro na nyingine nyingi, zimelea sauti zilizosikika Afrika Mashariki nzima, na ni sababu mojawapo ya serikali kulala. Aliyefanyiwa kazi yake kwa miaka mingi husahau kuwa ilikuwa yake.

Upinzani mkali zaidi haukutoka kwa Diwani wala kwa Mama. Ulitoka kwa mtu ambaye ungetegemea awe wa kwanza kushangilia.

NINGI: Mimi sitaki.

MWALIMU: Hutaki nini, mzee?

NINGI: Sitaki ngoma yangu iende shule. Nisikilizeni. Sisi tuna pande mbili, Bagika na Bagalu, tangu enzi za waasisi wake, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha tunakutana uwanja mmoja, tunacheza kwa wakati mmoja, huku wao, huku sisi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu ndio wanaoamua, kwa miguu yao. Wakihamia upande wa pili, umeshindwa, na kijiji kizima kimekuona. Ili wasihame unakesha ukitunga, unatafuta dawa, unabuni jambo ambalo hawajapata kuliona. Wapo Bayeye wanaocheza na nyoka. Wapo Banungule, wao walitokana na wawindaji wa nungunungu. Bugobogobo yenyewe ilikuwa kazi: mistari ya watu shambani, majembe yanapanda na kushuka, ngoma inawapeleka mpaka shamba linaisha. Sasa shuleni mtafundisha nini katika hayo? Mtampa mtoto jembe la mbao, mtamvika kaniki, atarukaruka dakika tatu mbele ya mbunge. Mbunge atapiga makofi. Mtoto atakua akidhani hiyo ndiyo bugobogobo.

MWALIMU: Mzee, Bujora je? Padre David Clement, Mkanada, alianza pale Kisesa miaka ya 1950. Aliingiza ngoma kanisani, akajenga makumbusho ya Wasukuma, na sherehe ya Bulabo mpaka leo inafanyika kila Juni. Ngoma ilikufa?

NINGI: Haikufa, na nitakuambia kwa nini. Padre alituachia mashindano. Bulabo ni Bagika na Bagalu, uwanja ule ule, watu wale wale wanahama. Alitoa nafasi, hakutuwekea darasa. Na waliofundisha walikuwa wenyewe wenye ngoma. Ninyi mtamleta msichana kutoka chuoni, ana cheti, hajawahi kushindwa uwanjani hata mara moja.

KIJANA: Mzee, lakini huyo msichana atakuwa na mshahara. Wewe una nini?

NINGI: Ndiyo hapo. Mimi sina cheti.

Ningi amegusa jambo ambalo wanaharakati wa sanaa mjini huliruka. Tukipata kila tunachodai, walimu, vifaa na vipindi, tunaweza kujikuta tumelipia kwaya ya mgeni rasmi iliyo bora zaidi na hakuna kingine. Ngoma ya Kisukuma ilikuwa na ukali: ilimsema mtemi, ilimsema mwenye mali, ilimsema jirani. Elias Songoyi aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988 juu ya msanii na dola nchini, kwa kuwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Swali lake bado ni letu: msanii akisimama karibu na serikali, anabaki na ulimi wake? Shule ya serikali iko karibu na serikali kuliko kitu chochote. Somo la muziki lisilomruhusu mtoto kutunga wimbo wa kulalamikia choo cha shule ni mazoezi ya kupokea wageni.

Bado sikubaliani na Ningi kwamba dawa ni kukaa mbali. Vijana wa Kamanga hawabaki uwanjani baada ya mavuno kama zamani. Wako Mwanza, wako Geita kwenye machimbo, wako kwenye simu. Ningi asipomfundisha mtoto wa darasa la nne sasa, atabaki na wazee wenzake. Na njia ya kumwingiza shuleni bila cheti ipo, imeshawahi kutumika. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, hakuajiriwa kwa vyeti. Alichukuliwa kwa kile alichokijua, akawa mwalimu Bagamoyo, akalipeleka jina la nchi hii ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2003. Kilichowezekana chuoni Bagamoyo kinawezekana Kamanga kwa saa mbili za wiki.

KIJANA: Na mimi nina la kwangu. Studio yangu ni kompyuta moja, kinasa sauti na godoro ukutani. Wanakuja vijana wana sauti, Mungu kawapa. Hawajui wanaimba ufunguo gani. Hawajui kuhesabu mapigo. Wakipewa mkataba hawausomi, wanaweka sahihi. Mnazungumza ngoma za mababu, sawa, lakini mtaala huo huo mpya umeweka mkondo wa amali sekondari, na sanaa imo. Huko ndiko kwenye riziki. Na mkisema wabunge hawajui sanaa, si kweli. Bunge limekuwa na wasanii. Kapteni John Komba alikuwa mbunge. Vicky Kamata, jirani yetu wa Geita, alikuwa viti maalumu. Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, Profesa Jay wa Mikumi. MwanaFA aliingia kutoka Muheza mwaka 2020, akafika unaibu waziri. Mbona darasa letu halijabadilika?

DIWANI: Kwa sababu hamkuwapa la kusimamia, kijana. Wasanii walidai hakimiliki. Walidai kwa miaka, kwa maneno yanayoeleweka, na wakajua ni kifungu gani cha sheria kibadilishwe. Sheria ya Fedha ikaja na tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia kazi. Unaweza kuisifu au kuilaumu, lakini imeandikwa, ina asilimia, ina mkusanyaji. Ninyi wa shule mnakuja na nini? Mnakuja na "tunaomba serikali ithamini sanaa." Mbunge atajibu "naithamini sana," na hatakuwa amedanganya.

Hapo Diwani amesema kweli tupu. Alipoulizwa na Mama mlango wa kugonga uko wapi, alieleza mambo ambayo wananchi wengi hawayajui, na ambayo sisi tunaopenda sanaa tunapaswa kuyashika kichwani kama tunavyoshika nyimbo.

DIWANI: Mtaala unaandikwa na Taasisi ya Elimu, chini ya Wizara ya Elimu. Shule na walimu wako TAMISEMI. Kibali cha kuajiri kinatoka Utumishi. Msanii yuko wizara nyingine kabisa, ile ya utamaduni. Ukilia kwa waziri wa utamaduni kuhusu mwalimu wa muziki wa Kamanga, atakusikitikia. Mwalimu huyo si wake. Bungeni kuna Kamati ya Elimu, Utamaduni na Michezo. Hiyo inaona wizara mbili kwa pamoja, ndiyo ya kuandikiwa. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha Juni. Mbunge akiwa na jambo la jimbo lake na waziri hajalijibu, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Wameishikia barabara, wameishikia maji, wameishikia pamba. Kwa mwalimu wa muziki mimi sijasikia ikishikwa.

MAMA: Na huyo mbunge atakubali kuishika kwa ajili ya muziki, wenzake wamcheke?

NINGI: Mayu, mbunge ni kama ningi. Anaangalia watu wamesimama upande gani. Mkienda wasanii peke yenu atawaona wasanii. Mkienda wazazi, wauza dagaa, na wazee wa pande zote mbili, Bagika na Bagalu kwenye barua moja, ataona uwanja umehama.

Nilipofika hapa niliona mzee aliyeanza kwa kusema hataki ndiye aliyeeleza kazi ya kushawishi vizuri kuliko sisi sote. Nje ya mipaka yetu ushahidi unamuunga mkono. Kenya wana tamasha lao la muziki tangu 1927, na mfumo wao mpya wa elimu umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Mzazi wa Kenya amezoea kumsafirisha mwanawe kwenda kushindana kwa nyimbo. Mwanasiasa anayegusa tamasha lile anagusa wazazi wengi mno. Venezuela, José Antonio Abreu, mwanamuziki aliyekuwa pia mchumi, alianza mwaka 1975 okestra ya vijana ambayo serikali zilizopingana kisiasa ziliendelea kuilipia. Siri yake haikuwa kusifia muziki. Aliiombea fedha kupitia wizara za vijana na ustawi wa jamii, akisema ni mpango wa kumwokoa mtoto maskini. Baadaye wapo walioilaumu okestra hiyo kwa kuwa karibu mno na watawala, na onyo la Ningi linarudi palepale. Fedha walizipata, na uhuru ukawa na bei.

MAMA: Basi mniandikie mimi kwenye barua. Lakini muandike na madawati.

MWALIMU: Madawati yana barua yake, mama.

MAMA: Basi sisaini.

Mwalimu alikosea. Mama akisema madawati yaandikwe, yaandikwe. Barua inayomtaka mzazi achague kati ya dawati na ngoma inampa mbunge sababu ya kuchagua dawati, na atakuwa sahihi. Barua ya Kamanga iseme kwamba shule inadaiwa madawati na inadaiwa pia mwalimu wa somo ambalo serikali yenyewe imeliweka kwenye ratiba. Madai mawili ya shule moja, na wote wasaini.

Mimi ningeomba hivi. Halmashauri iweke kwenye ikama yake mwalimu mmoja wa sanaa kwa kila kata, aliyesomea, azunguke shule za kata hiyo kwa ratiba. Si mmoja kwa kila shule; hilo Diwani atalikataa na hesabu zitamuunga mkono. Pili, iwepo kasma ndogo ya kuwalipa mafundi wa jadi kwa saa, bila kuwadai cheti, wakitambuliwa na serikali ya kijiji na mwalimu mkuu. Kwa mbunge ombi liwe moja tu: kila bajeti ya TAMISEMI ikisomwa, aulize wameajiriwa walimu wangapi wa Sanaa na Michezo, wangapi wamefika jimboni kwake, na asikubali jibu lisilo na tarakimu. Kijana wa studio awemo kwenye orodha ya mafundi. Somo la kusoma mkataba wa muziki ni la maana kama la kupiga ngoma. Mtihani nao haukwepeki. Darasa la saba wa mtaala unaomalizika wamekuwa wakitahiniwa masomo sita, na muziki haukuwa na karatasi yake. Walimu wakuu hufundisha kinachopimwa. Kama somo jipya halitapimwa kwa namna yoyote, hata kwa alama za vitendo zinazotolewa shuleni, mwalimu wa kata atageuzwa kuwa mwalimu wa hesabu kabla muhula haujaisha.

Njia ya barua hiyo haianzii Dodoma. Inaanzia kamati ya shule, inapita mkutano wa kijiji, inafika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo Diwani mwenyewe ndiye mwenyekiti wake, ndipo inaingia halmashauri, na nakala inaenda kwa mbunge na kwa Kamati ya Bunge. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilizinduliwa Juni 2025, na kabla ya nguzo ya kwanza lilikuwa neno kwenye vikao vya watu wa pande hizi mbili za ghuba.

Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti Januari na Februari. Kama uko kwenye kamati ya shule, Kamanga au kokote, na mwaka unaelekea ukingoni, itisha kikao wiki hii. Ombi litakalofika Machi litasubiri mwaka mwingine wa fedha, na mtoto aliye darasa la tatu leo atakuwa la nne.